Linux Mint 22.2 kwenye kompyuta ya okazyo: namna ya kuijaribu bila kupoteza kazi zako

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya usalama ya kawaida kwa Windows 10. Mashini hazikuzimika siku ile. Zinawaka, zinaandika, zinapiga emprimante kama zamani. Lakini kila tundu jipya ambalo wezi wa mtandaoni wanavumbua linabaki wazi, na hakuna fundi wa Microsoft anayekuja kuliziba.

Hapa kwetu mashariki, kutoka Bunia mpaka Kalemie, jambo hili linagusa watu wengi. Kompyuta nyingi za sekretaria publiki, masomo, vituo vya afya na maparokia ni za okazyo, zilizotumika Ulaya ao Dubai kabla ya kufika huku. Windows 11 inaomba chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, RAM ya giga 4, na kama ni prosesa ya Intel, iwe ya kizazi cha 8 kwenda juu, yaani ya kuanzia mwaka 2017. Mashini ya mwaka 2013 haipiti pale, hata kama bado iko na nguvu.

Microsoft iliacha mlango mmoja: mwaka mmoja wa nyongeza, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, ao bila kulipa kwa mwenye kukubali kuhifadhi mipangilio yake katika akaunti ya Microsoft. Mlango huo ni wa Windows halali. Windows nyingi za huku zilifunguliwa kwa «kraki», na zile programu za kraki mara nyingi zinaingiza virusi zenyewe.

Njia ingine ni mfumo huria. Katika makala hii tunaeleza mmoja, Linux Mint 22.2, uliotoka Septemba 2025, na namna ya kuujaribu kabla ya kukata shauri.

Ni kitu gani?

Mfumo wa uendeshaji ni ile programu kubwa inayoamsha mashini na kusimamia ekra, klavye, disiki na programu zingine zote. Windows ni mmoja. Linux ni familia ingine, iliyoanza mwaka 1991 wakati Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, alipotoa kiini chake na kukiacha wazi. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya leseni ya GPL, ambayo inamruhusu kila mtu kuitumia programu, kuinakili, kuibadilisha na kumpa mwingine. Kwa hiyo mtu akikunakilia Linux Mint kwenye kle USB, hajaiba kitu. Na hakuna kodi ya kununua wala ya kuvunja.

Familia hiyo iko na ukoo. Debian ilizaliwa mwaka 1993. Juu ya Debian ikajengwa Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kundi la Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake halihitaji tafsiri kwetu: ni lile neno la Kibantu ambalo Kiswahili kinasema «utu». Msemaji wa Kinyarwanda ao Kirundi anasikia zaidi, juu kwao «ku buntu» ni kusema bila malipo. Juu ya Ubuntu ikajengwa Linux Mint mwaka 2006, kazi iliyoanzishwa na Mfaransa Clement Lefebvre.

Kila toleo la Mint linapewa jina la mwanamke linaloishia na «a». Toleo la 22, la Julai 2024, linaitwa Wilma, 22.1 ni Xia, 22.2 ni Zara. Yote ya jamii ya 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itapewa masahihisho ya usalama mpaka mwaka 2029. Zara imeleta kiini cha Linux 6.14, ambacho kinafahamu vyombo vipya zaidi, na programu ndogo iitwayo Fingwit kwa mashini zenye kusoma alama ya kidole.

Sura tatu, uchague moja

Linux Mint inatolewa kwa sura tatu. Ndani ni mfumo mmoja, tofauti iko kwa meza ya kazi, yaani ile unayoona kwenye ekra.

- Cinnamon ndiyo inafanana zaidi na Windows: menyu chini kushoto, saa chini kulia. Inafaa mashini yenye RAM ya giga 4 na zaidi.
- MATE ni ya katikati, yenye umbo la zamani.
- Xfce ndiyo nyepesi zaidi. Kwa mashini yenye RAM ya giga 2, anza na hii.

Wenye kuitengeneza wanasema RAM ya giga 2 inatosha, lakini wanashauri 4. Kwa disiki, nafasi ya giga 20 ndiyo ya chini, na 100 ndiyo nzuri. Tuseme ukweli: kwa RAM ya giga 2, kuandika barua ni sawa, ila kufungua kurasa kumi za intaneti kwa wakati mmoja kutachosha mashini. Shida hiyo Linux haiiondoi. Ukiwa na pesa kidogo, kuongeza RAM ao kuweka disiki ya SSD kutakusaidia sana.

Mint 22.2 ni ya mashini za biti 64 tu. Katika Windows, fungua mipangilio, upande wa sisteme, usome aina ya mashini. Kama prosesa yenyewe ni ya biti 32, Mint hii haitaingia. Debian 12, ya Juni 2023, bado inakubali mashini za namna hiyo. Debian 13, ya Agosti 2025, haitoi tena disiki ya kusimika ya biti 32.

Kupata faili, na kuhakikisha ni yenyewe

Faili ya Mint inaitwa ISO, na uzito wake unakaribia giga 3. Kwa mwenye kununua mega kwa simu, hiyo si pesa kidogo. Tafuta mahali penye wifi, ao mukusanyike watu watano mutelesharje mara moja, kisha munakiliane kwa kle. Ukurasa wa Linux Mint unatoa pia njia ya torrent. Hiyo ndiyo nzuri kwa mitandao yetu, juu kuran ikikatika ao mtandao ukianguka, inaendelea pale ilipofikia bila kuanza upya.

Sasa jambo ambalo wengi wanaruka. Tarehe 20 Februari 2016, wezi waliingia katika tovuti ya Linux Mint yenyewe na kugeuza kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon, kikapeleka watu kwenye ISO yenye mlango wa siri ndani. Waliotelesharje siku ile bila kuhakikisha waliingiza mwizi nyumbani. Kama iliweza kutokea kwenye tovuti yenyewe, tufikirie faili iliyopita mikononi mwa watu kumi.

Kuhakikisha ni rahisi. Kando ya kila ISO kuna faili fupi inaitwa sha256sum.txt, yenye mstari mrefu wa herufi na namba. Ule mstari ni kama alama ya kidole ya ISO. Katika Windows, fungua dirisha la amri, andika:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Katika Linux, andika sha256sum na jina la faili. Mashini itatoa mstari wake. Ukifanana na ule wa tovuti, herufi kwa herufi, faili ni nzima. Ukitofautiana hata herufi moja, futa faili hiyo. Ule mstari uuchukue wewe mwenyewe kwenye tovuti, kwa simu hata. Ni maneno machache, haukuli mega. Usikubali mstari uliokuja ndani ya kle pamoja na ISO.

Kuandaa kle USB

Kle ya giga 4 inatosha. Yote yaliyo ndani yake yatafutwa, kwa hiyo toa kwanza picha na dosie zako. Kunakili ISO kwa kle kama unavyonakili wimbo hakutoshi. Lazima programu iandike kle kwa namna ya kuamsha mashini. Katika Windows watu wanatumia Rufus ao balenaEtcher. Kuna pia Ventoy, ambayo inaruhusu kubeba ISO mbalimbali kwa kle moja. Inafaa fundi anayezunguka.

Kujaribu bila kugusa disiki

1. Zima mashini kabisa, ingiza kle.
2. Washa, ukibonyeza mara nyingi kifungo cha kuchagua pa kuamkia. Kwenye Dell, Lenovo na Toshiba mara nyingi ni F12. Kwenye HP ni Esc kisha F9. Kwenye Asus jaribu Esc.
3. Chagua kle katika orodha. Ikitokea menyu ya Linux Mint, bonyeza mstari wa kwanza.
4. Subiri. Meza ya kazi itafunguka, ukiwa na LibreOffice, Firefox na programu zingine tayari.

Hapo mfumo unatembea kwa kle na kwa RAM. Windows yako inalala kwenye disiki, haijaguswa. Ukizima na kutoa kle, kesho Windows itaamka kama kawaida. Yale uliyoandika wakati wa jaribio yatapotea, isipokuwa uliyahifadhi kwenye kle ingine.

Kama mashini inakataa kle, pengine Secure Boot ndiyo inazuia. Kabla ya kuigusa, angalia kama Windows iko na BitLocker, ile kufuli ya disiki. Ukibadilisha Secure Boot, BitLocker inaweza kuomba ufunguo wake wa namba 48. Asiyekuwa na ufunguo ule hatafungua tena dosie zake. Uutafute kwanza, uuandike kwa karatasi.

Jambo la pili: klavye. Kwenye jaribio inaanza kwa mpangilio wa Kimarekani, na klavye zetu nyingi ni za Kifaransa, AZERTY. Ukibonyeza A inatoka Q. Fungua mipangilio ya klavye, ongeza «Français», ondoa ile ingine. Fanya hivyo kabla ya kuandika neno la siri la wifi, la sivyo utafikiri wifi imeharibika.

Mambo ya kuchunguza

Usikae kuangalia rangi za ekra. Jaribio ni kwa ajili ya kujua kama kazi yako itatembea. Pitia moja moja:

- Wifi inaona mitandao? Baadhi ya chipu za Broadcom zinaomba programu ya nyongeza. Katika Mint, «Gestionnaire de pilotes» inaitafuta, na kwa Broadcom inaweza kuitoa kwenye kle ileile ya kusimika.
- Modem ya USB ao simu iliyounganishwa kwa kabo inatoa intaneti?
- Sauti inatoka, mikro inarekodi?
- Emprimante inapiga karatasi? Piga kweli, usiridhike na kuona jina lake. Emprimante na fotokopi zingine ndizo zinaleta shida kuliko vyombo vyote.
- Projektari ya darasa ao ya kanisa inaonyesha?
- Ukifunga kifuniko kisha kukifungua, mashini inaamka?
- Dosie zako za Word zinafunguka bila mistari kuruka?

Usihukumu kasi kwa jaribio hili. Kle ya USB inasoma polepole kuliko disiki. Ikishasimikwa, itakimbia zaidi.

Kazi zinazotembea na zile zinazogoma

LibreOffice inafungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Herufi za Times New Roman na Arial zinabadilishwa na zile za Liberation, ambazo zina upana uleule, basi kurasa hazisogei sana. Lakini dosie yenye meza nyingi, picha na mihuri inaweza kusogea. Kwa sekretaria publiki inayopokea TFC na memwari za wanafunzi, desturi nzuri ni hii: mteja alete PDF kwa kupiga karatasi, na faili ya Word ibaki ya kusahihisha tu.

Kazi zinazofanyika ndani ya kivinjari hazijali mfumo. DHIS2, inayotumiwa katika taarifa za afya za inchi yetu, na KoboToolbox, inayotumiwa na mashirika mengi kwa uchunguzi, zote zinafunguka kwa Firefox. Kwa wenzetu wa maredio, Audacity inapatikana bure katika duka la programu la Mint, na tangu toleo la 22 sauti inaendeshwa na PipeWire.

Zile zinazogoma: Microsoft Office yenyewe ya kusimika, Photoshop, na programu nyingi za hesabu zilizoandikwa kwa Windows tu. Kuna Wine, inayojaribu kuendesha programu za Windows ndani ya Linux. Kwa ndogo ndogo inaweza, lakini usiiwekee mishahara ya wafanyakazi. Kama ofisi yako inategemea programu moja ya Windows, bakiza mashini moja yenye Windows halali, zingine uzigeuze.

Upande wa lugha, Kifaransa kiko kamili. Kiswahili kina historia yake: mwaka 2004, mradi wa Kilinux pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi katika Kiswahili. LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, inayo tafsiri ya Kiswahili hata leo. Lakini Mint nzima kwa Kiswahili, kuanzia menyu mpaka onyo la mwisho, bado. Kazi hiyo ya kutafsiri iko wazi kwa yeyote.

Virusi za kle

Kila mwenye siber anazijua: kle inaingia, dosie zote zinageuka kuwa njia za mkato, mteja analia juu kazi yake imepotea. Virusi vile vimeandikwa kwa Windows na havitembei ndani ya Linux. Zaidi ya hayo, dosie zenyewe mara nyingi hazijafutwa, zimefichwa tu, na Linux inazionyesha. Zinakiliwe pahali pengine, kle ifutwe na kutengenezwa upya. Linux si ngome isiyoingilika. Iko na matundu yake, ndiyo maana masahihisho ni ya lazima. Na neno la siri ulilomwandikia mwizi kwenye ukurasa wa uongo halilindwi na mfumo wowote.

Ukiamua kusimika

Hapa ndipo watu wanapoteza miaka ya kazi kwa kubonyeza mara moja. Programu ya kusimika itakupa njia mbili kubwa. «Installer à côté de Windows» inagawanya disiki ili mifumo yote miwili ikae, na kila ukiwasha unachagua. «Effacer le disque» inafuta yote: Windows, picha za arusi, hesabu za chama, kila kitu. Haina kurudi.

Kabla ya njia yoyote:

- Nakili dosie zako kwenye disiki ya nje, kisha zifungue kwenye mashini ingine kuhakikisha zinasomeka.
- Kama unaacha Windows, zima «Démarrage rapide» ndani yake, la sivyo disiki inabaki kama imefungwa nusu.
- Hakikisha umeme. Kugawanya disiki kunaweza kuchukua dakika nyingi, na kuran ikikatika katikati, vilivyo ndani vinaweza kuharibika. Laptop iwe na batri iliyojaa na yenye kushika. Kompyuta ya meza isifanyiwe kazi hiyo bila batri ya akiba ao inverta.

Baada ya kusimika, fungua Timeshift, iliyomo ndani tayari, uweke picha ya kwanza ya mfumo. Sasisho likileta shida, unarudi nyuma. Timeshift inalinda mfumo, hailindi dosie zako. Hizo zinaendelea kuhitaji disiki ya nje.

Sasisho za kwanza zinaweza kula mamia ya mega. Mint haisasishi yenyewe mpaka umeiruhusu, na inaonyesha uzito kabla ya kutelesharje. Penye mashini kumi za somo, fundi anaweza kutelesharje mara moja, kisha kunakili zile paketi kutoka dosie ya /var/cache/apt/archives kwenda kwa mashini zingine za toleo lilelile.

Hata kama hutahama

Kle ya Mint iko na kazi ingine. Windows ikigoma kuamka na disiki ingali hai, amsha mashini kwa kle, fungua disiki ya Windows, nakili dosie zako kwenye disiki ya nje, kisha umuachie fundi atengeneze. Kama BitLocker imefunga disiki, utahitaji ule ufunguo. Watu wengi wameambiwa «tutaformate, hakuna njia», kumbe kazi zao zilikuwa bado pale.

Kwa ufupi: mashini yako ikikubali Windows 11 na iko halali, hakuna lazima ya kuhama. Ikiwa haikubali, na kazi zako ni kuandika, kupiga hesabu, intaneti na sauti, jaribu Mint kwa kle wiki moja ukifanya kazi zako za kweli, ukizihifadhi kila siku kwenye kle ya pili. Na ikiwa unategemea programu moja ya Windows, usiiguse mashini hiyo. Itoe kwenye intaneti kadiri unavyoweza, usiingize kle ya mtu ovyo, na uanze na ile ingine.

Maneno ya kushika

- *ISO*: faili moja kubwa iliyobeba mfumo mzima.
- *Jaribio la moja kwa moja*: kutumia mfumo kutoka kwa kle bila kusimika.
- *Kusimika*: kuweka mfumo kwenye disiki ili ukae.
- *Mfumo huria*: mfumo ambao kodi chanzo yake iko wazi, na kuunakili ni haki yako.
- *Sasisho*: masahihisho yanayokuja baada ya toleo, hasa ya usalama.